Dar es Salaam kwa mgeni anayesafiri peke yake: kutoka stendi hadi mlangoni

Mgeni wa Dar es Salaam hupotezwa na majina kuliko umbali. Anaambiwa "shuka Mbezi", anashuka Mbezi, kumbe mwenyeji wake anamsubiri Mbezi nyingine iliyo kwenye barabara nyingine kabisa, na foleni imelala katikati yao. Ndiyo maana hapa tunaanza na ramani ya kuweka kichwani na majina ya vituo, kisha magari, nauli na usalama. Tunamwandikia mtu anayekuja peke yake, kwa matibabu, usaili, chuo, mzigo wa Kariakoo au matembezi tu, na hana wa kumpokea stendi.

Barabara nne na mikato yake

Panua vidole vya mkono. Kiganja ni mjini kati: Posta, Kivukoni, Kisutu, Mnazi Mmoja, na Kariakoo pembeni yake. Vidole ni barabara kuu nne zinazotoka hapo.

Ya kwanza ni Ali Hassan Mwinyi, ambayo mbele huitwa Bagamoyo. Inaelekea kaskazini: Morocco, Makumbusho, Mwenge, njia panda ya Kawe, Mbezi Beach, Tegeta, Bunju. Ya pili ni Morogoro: Fire, Jangwani, Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara, Mbezi Luis, Kibamba. Ya tatu ni Nyerere, ambayo watu wazima wengi bado wanaiita Pugu Road: Tazara, Airport, Ukonga, Gongo la Mboto. Ya nne ni Kilwa, inayoshuka kusini kupitia Mtoni hadi Mbagala.

Barabara hizi zinaunganishwa na mikato. Kawawa inatoka Morocco, inakata Morogoro pale Magomeni na kuendelea Ilala. Mandela inatoka upande wa bandari, inakata Nyerere pale Tazara, inapita Buguruni na Tabata na kufika Ubungo. Hapo Ubungo inaipokea Sam Nujoma, inayokwenda hadi Mwenge.

Shika makutano matano: Morocco, Mwenge, Magomeni, Ubungo na Tazara. Ukifika lolote kati ya hayo, unaweza kwenda karibu popote kwa gari moja zaidi. Madaraja ya juu ya Ubungo na Tazara yana majina rasmi, Kijazi na Mfugale, lakini ukimtajia konda majina hayo atakutazama tu. Yeye anajua Ubungo na Tazara.

Kigamboni iko ng'ambo ya maji. Unavuka kwa pantoni pale Magogoni, hatua chache kutoka kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Kivukoni, au unazunguka kwa Daraja la Nyerere upande wa Kurasini.

Jina moja, mahali kumi

Hapa usiharakishe. Mbezi ziko mbili: Mbezi Luis ya Barabara ya Morogoro, penye stendi kuu ya mabasi ya mikoani, na Mbezi Beach ya Barabara ya Bagamoyo. Mtu akikwambia "nipo Mbezi", swali la kwanza ni "Mbezi ipi?"

Kisha kuna mitaa mikubwa yenye vituo vingi ndani yake. Sinza ina Mori, Kijiweni, Makaburini, Kumekucha. Tabata ina Relini, Dampo, Bima, Kimanga, Segerea. Mbagala ina Zakhem, Kizuiani, Rangi Tatu. Kimara ina Baruti, Bucha, Korogwe, Mwisho, na mbele yake Temboni na Kwa Msuguri. Kumwambia konda "nishushe Tabata" ni sawa na kutomwambia kitu.

Kuna pia majina yanayofanana na ya mikoa na nchi za watu. Korogwe ya Kimara haina uhusiano na ya Tanga, Kagera ni kituo kati ya Manzese na Magomeni, Argentina ni Manzese, na Morocco ni makutano ya Kinondoni. Usishangae ukisikia konda anaita "Morocco, Morocco, wawili tu!"

Basi kabla hujaondoka nyumbani, mpigie mwenyeji wako, au gesti uliyopanga kulala, uandike vitu vinne kwenye karatasi: barabara kuu iliyo karibu, jina kamili la kituo cha kushukia, alama inayoonekana ukiwa kituoni (msikiti, sheli, shule, duka kubwa), na namba ya simu ya pili. Karatasi, kwa sababu simu inaweza kuzima chaji au kuibwa. Tangu kampeni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 mitaa mingi ina vibao na nyumba zina namba, na ni vizuri kuwa nazo, ila dereva wa bajaji atakuuliza tu, "Karibu na wapi?"

Kufika: stendi, treni, uwanja wa ndege

Mabasi mengi ya mikoani yanaingia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichofunguliwa Februari 2021 kuchukua nafasi ya Ubungo. Kipo zaidi ya kilomita 20 kutoka Posta, kwa hiyo kufika stendi bado si kufika mjini. Kampuni nyingi zina ofisi Shekilango na Urafiki, na baadhi ya mabasi huendelea hadi huko. Ukiwa bado ndani ya basi muulize kondakta: "Kaka, gari linaishia Mbezi au linafika Shekilango?" Kama unakwenda Sinza, Manzese au Kariakoo, jibu hilo linaweza kukupunguzia safari nzima.

Mlango ukifunguliwa utakutana na wapiga debe, wabeba mizigo na madereva kwa pamoja. Baki kwenye kiti mpaka msukumano upungue. Mwenye kushika begi lako bila kuulizwa atadai malipo hata akilibeba hatua ishirini, hivyo kama unahitaji msaada patana bei kabla begi halijainuliwa, na utembee naye sambamba. Kama hujui pa kwenda, usisimame katikati ukigeuka huku na huku. Ingia ndani ya jengo la stendi, kaa, kunywa maji, piga simu zako ukiwa umekaa.

Treni ya SGR kutoka Dodoma na Morogoro inakuleta mjini kati, karibu na Posta na Kariakoo, na kwa anayesafiri peke yake kwa mara ya kwanza hiyo ndiyo namna nyepesi kuliko zote ya kuingia Dar. Ukiona unaweza kulipia, ichague. Hakikisha tu jina kwenye tiketi linalingana na kitambulisho chako.

Uwanja wa ndege uko Barabara ya Nyerere, kama kilomita 12 kutoka mjini. Ndege za kimataifa zinatua jengo la tatu, na nyingi za ndani jengo la pili. Mweleze dereva jengo lako ulitaje kwa namba, maana mageti yake ni tofauti. Daladala zinapita barabarani nje ya uwanja, lakini ukiwa na masanduku mawili usijitese nazo. Ukiwa na begi la mgongoni tu, tembea hadi barabarani, panda ya kwenda mjini, na kama unaelekea Ubungo au Sinza shuka Tazara ubadilishe kwenda njia ya Mandela.

Mwendokasi

Mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016 kwenye njia ya kilomita 21 yenye matawi matatu: Kimara hadi Kivukoni, tawi la Gerezani linaloingia Kariakoo, na tawi la Morocco. Yana njia yake katikati ya barabara, ndiyo maana yanaipita foleni.

Nunua tiketi au weka salio kwenye kadi dirishani, gusisha getini, kisha soma kibao cha kituo kabla hujasimama kwenye mlango wa kupandia, kwa sababu magari ya Kivukoni na ya Gerezani hayasimami lazima kwenye mlango mmoja. Soma maandishi ya mbele ya basi kila mara. Kosa la kawaida ni hili: unakwenda Posta, unaingia basi la Gerezani kwa sababu limekuja la kwanza. Ukigundua mapema, shuka Fire, hutoki nje ya geti, unasubiri la Kivukoni palepale. Mabasi hayo yakishapita Fire yanaachana. Kosa la pili ni kupanda ekspresi inayoruka vituo vidogo, halafu ukapitishwa chako. Muulize aliyesimama mbele yako: "Samahani dada, hili linasimama Mwembechai?"

Kwa anayekwenda Muhimbili, Fire ndicho kituo kikubwa kilicho karibu, na bajaji ya kutoka hapo ni safari fupi. Wa Kariakoo sokoni ashuke Msimbazi au Gerezani. Wa pantoni ashuke Kivukoni, mwisho wa njia.

Saa za msongamano, begi la mgongoni livae kifuani na simu iingie mfuko wa mbele wenye zipu. Ukiona mtu anakusogelea kwa namna isiyo sawa, hasa dada anayesafiri peke yake, sema kwa sauti: "Kaka, sogea!" Watu wa Dar hawakai kimya wakisikia hivyo, na wahusika huogopa macho ya watu.

Daladala

Daladala ndizo zinazofika kila mahali. Mbele zimeandikwa mwanzo na mwisho wa ruti, mara nyingi kwa kifupi: K/koo ni Kariakoo, G/Mboto ni Gongo la Mboto, Mbagala R/3 ni Rangi Tatu. Utepe wa rangi ubavuni pia unahusu ruti, lakini mgeni asiutegemee, asome maandishi.

Jina la mwisho halitoshi. Magari mawili ya Kariakoo yanaweza kutoka kituo kimoja na kupita njia mbili tofauti. Kwa hiyo swali sahihi si "Unakwenda Kariakoo?" Uliza hivi: "Konda, unapita Magomeni?" na utaje kituo chako chenyewe. Konda anayetafuta abiria anaweza kusema ndiyo kwa kila kitu, basi ukishapanda rudia swali kwa abiria uliyekaa naye. Mama mtu mzima au mwanafunzi ndio wa kuuliza. "Shikamoo mama, kituo cha Bamaga bado?" Atakwambia, na mara nyingi atakukumbusha mwenyewe ikikaribia.

Ndani ya gari mambo huenda hivi. Baada ya vituo viwili vitatu utasikia konda anachezesha sarafu mkononi, cha, cha, cha, mbele ya sikio lako. Hajasema neno, lakini anadai nauli. Mpe, taja unaposhuka, na kama kuna chenji idai wakati huohuo. Ukiisubiri hadi mlangoni, gari linaondoka nayo. Kituo kikikaribia konda huuliza, "Bamaga wapo?" Unajibu kwa sauti, "Yupo!" au "Shusha!" Ukinyamaza gari halisimami. Kama umesimama nyuma, anza kusogea kituo kimoja kabla.

Nauli hupangwa kwa umbali na LATRA, mamlaka ya serikali ya kudhibiti usafiri wa ardhini. Ile iliyoanza kutumika Desemba 2023 ilikuwa shilingi 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10, na inapanda kadiri unavyokwenda mbali. Uwe na noti za 500 na 1,000 na sarafu. Noti ya 10,000 asubuhi ni ugomvi.

Tabia moja inayoumiza abiria ni kukatisha ruti: gari la Gongo la Mboto linageuzia Banana, la Tegeta linageuzia Afrikana, na abiria wanaambiwa washuke. Kuanzia jioni uliza kabla ya kupanda: "Unafika mwisho?" Likigeuza ukiwa ndani, dai konda akulipie gari la mbele au akurudishie nauli ya kipande kilichobaki. Ni haki yako. Dai pamoja na wenzako, mkiwa bado mmekaa. Mkishashuka mmepoteza.

Vituo vikubwa vya kubadilishia magari ni Makumbusho, Mwenge, Simu 2000 karibu na Ubungo, Buguruni, Tandika, Gerezani na Mbagala Rangi Tatu. Kwenye vituo hivi magari yanapangwa kwa foleni. Tafuta ya kwenda kwako na ukae. Wanaorukia madirishani saa za jioni wana sababu zao na wanalijua gari. Wewe mgeni, subiri la pili.

Bodaboda, bajaji na teksi

Bodaboda ni ya kutoka kituoni hadi mlangoni. Taja mahali, taja alama, patana bei kabla hujakaa. Safari fupi ya mtaani mara nyingi ni kati ya 1,000 na 2,000, na mgeni anayesema "nipeleke tu" hulipishwa zaidi. Chagua wa kijiweni, anayefahamika na wenzake, dhidi ya anayepita. Vaa kofia. Akikimbia mwambie, "Kaka, taratibu, sina haraka." Akikataa, shuka na umlipe kipande alichokupeleka. Mguu wa kulia uwe mbali na bomba la moshi unaposhuka, kwa sababu kovu la ekzosi halifutiki upesi.

Bajaji inafaa ukiwa na mizigo, mtoto, au mvua. Kuna bajaji za abiria wengi zinazokwenda kama daladala kwa nauli ndogo, na kuna za kukodi. Sema mapema unataka ipi.

Programu za kuitia magari kama Bolt zinamsaidia sana mgeni kwa sababu bei inaonekana kabla. Dereva atapiga simu kuuliza unaelekea wapi na unalipa kwa nini. Hilo ni la kawaida. Akikuomba ufute safari mkubaliane nje ya programu, kataa, kwa sababu ukishafuta hakuna rekodi ya nani alikuchukua. Linganisha namba ya gari na iliyo kwenye simu, kisha mtumie ndugu yako namba hiyo. Usipande teksi bubu, yaani gari binafsi linalokuvizia usiku na kukuita kwa bei nafuu, na usikubali abiria wa pili aingie njiani.

Saa, foleni na mvua

Tiketi za boti, treni na ndege zinaandikwa saa za kimataifa. 07:00 ni saa 1 asubuhi, 16:00 ni saa 10 jioni. Watu wanaikosa boti ya Zanzibar kwa kusoma 07:00 kama saa 7 mchana. Andika pembeni ya tiketi saa yako ya Kiswahili siku hiyohiyo unayoinunua. Tiketi ya boti inunue ofisini au mtandaoni, ukiwa na kitambulisho. Wanaokufuata nje kwenye Barabara ya Sokoine wakikuambia ofisi imefungwa, ingia ndani ujionee.

Foleni ya asubuhi inaelekea mjini, takribani saa 12 hadi saa 3. Ya jioni inatoka mjini kuanzia saa 10 na inaweza kufika saa 2 usiku. Ukiwa na usaili saa 3 asubuhi Posta na umelala Tegeta, toka saa 11 na nusu alfajiri. Bora ukae nje ya ofisi saa nzima. Na kama una hiari ya pa kulala, lala kwenye barabara ileile ya shughuli yako. Gesti nafuu ya Mbagala si nafuu kwa mtu mwenye kliniki ya siku tano Muhimbili. Gesti nyingi zinataka utoke saa 4 asubuhi, kwa hiyo uliza kama watakutunzia begi hadi jioni.

Masika, Machi hadi Mei, Mto Msimbazi hufurika Jangwani na Barabara ya Morogoro hufungwa kati ya Magomeni na Fire. Mwendokasi hapo hausogei. Njia mbadala ni kutoka Magomeni kwa Kawawa hadi Morocco, kisha Ali Hassan Mwinyi hadi mjini. Asubuhi yenye mvua kubwa ulizia kwanza: "Jangwani kunapitika?"

Pesa na simu

Gawanya pesa mara tatu: ya nauli mfuko wa mbele, ya siku kwenye pochi, ya akiba mahali pasipofikika bila kuvua kitu. Usihesabu noti kituoni. Toa hela kwa wakala aliye ndani ya duka, na subiri ujumbe uingie kabla hujaondoka. Ukipata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ni wa matapeli. Hauhusiani na mwenyeji wako hata kama umefika ukiwa unasubiri namba yake. Mpigie yeye.

Kusoma ramani kwenye simu ukiwa ukingoni mwa barabara ni kuwaita vishandu, ambao hupita na pikipiki na kuichomoa mkononi. Ingia dukani au geukia ukuta. Ndani ya daladala usiku, kaa mbali na dirisha lililo wazi au shusha simu mapajani. Pakua ramani ya jiji mapema ili ifanye kazi bila bando.

Ukipotea

Kama umepitishwa kituo, shuka kinachofuata chenye watu na taa. Usishuke gizani kwa sababu tu konda amesimamisha. Vuka kwa kivuko na urudi kwa gari la upande wa pili. Vituo viwili ni shilingi mia kadhaa tu, hakuna sababu ya kutembea usiku mtaa usioujua.

Kama hujui kabisa ulipo, usiulize "hapa ni wapi?" Uliza, "Gari za Ubungo napandia wapi?" au Mwenge, au Tazara, lolote lililo karibu na unakokwenda. Kila mtu anajua jibu, na muulizaji anaonekana ana safari yake. Waulize wenye kazi ya kudumu mahali hapo: muuza duka, mama ntilie, mlinzi wa benki, wakala wa pesa. Anayejitolea kukusindikiza bila kuombwa, mshukuru na ubaki pale dukani.

Namba ya dharura ya polisi ni 112, zimamoto na uokoaji 114. Ukiibiwa simu, nenda kituo cha polisi kilicho karibu upate taarifa ya upotevu, kisha duka la mtandao wako ukafunge laini siku hiyohiyo, kwa kuwa mwizi anaweza kuitumia kuomba pesa kwa ndugu zako. Baada ya hapo toa ile karatasi yenye vitu vinne, omba simu ya mwenye duka, na upige namba ya pili.